Mwiko wa Nyama Choma

Juzi, kwa mama lishe mmoja wa Nyasubi, mchimbaji wa dhahabu kutoka Bugarama alikaa meza yetu na wenzake wawili. Viwiko vyake vilikuwa na mabaka yenye magamba meupe. Mwenzake mmoja alivuta sahani yake kando, na mchimbaji alipompa jagi la kunawia, akakataa kulipokea.

"Hauambukizi huu," akasema yule bwana kwa upole. "Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi tu."

Mama lishe akamletea nyama choma na bia, kama kawaida yake. Akavirudisha.

"Siku hizi situmii, mama. Niletee samaki na mchicha."

Huku kwetu mchimbaji akianza kuchagua chakula, watu husema amechukua ndagu, ile dawa ya utajiri, na mganga amempa miiko.

"Nani kakupa masharti?" akanong'ona yule aliyekataa jagi.

"Daktari. Bia inaniamshia mabaka, na nyama choma naona nayo inanichochea. Napaka na dawa."

"Daktari!" Akamkonyeza mwenzake. "Haya bhabha, ficha tu."

Lakini kiti alikisogeza kwa yule mwenye mabaka hadi mabega yao yakagusana, akasukuma bia yake mbali. "Mama, na mimi mchicha!"

Magamba aliogopa yatamwambukiza. Dhahabu, naona, aliomba imwambukize.

Tulipomaliza, yule bwana akaaga. Wenzake wakakimbilia mlangoni kuchungulia ataondoka na gari gani. Akapanda baiskeli.

"Umeona?" mmoja akasema. "Huyo anajua kujificha."