Uwele Ulionuka Moshi

Mama alipokuja kututembelea Msalato, kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu isipokuwa tuta letu la mchicha, tulilolimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nilimwandalia chakula nilichokionea fahari: ugali wa mtama, mlenda wa porini niliouchuma mwenyewe wakati wa mvua na kuukausha, na maji ya ubuyu yasiyotiwa sukari.

"Hapa mezani, mama, kilichotoka dukani ni chumvi tu," nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi. "Vingine vyote tumepanda au tumechuma porini. Ndivyo tunavyoishi siku hizi."

Mama alimtazama mume wangu, kisha akaitazama sahani. Alimega matonge machache, akasema ameshiba, na kulisogeza bakuli lake mbele ya binti yetu mdogo. Nilidhani ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu.

Asubuhi, kabla hajaondoka, aliniita pembeni ya pipa la maji.

"Mwanangu, mwenzio bado yuko kazini?"

"Yupo, mama."

"Hanywi?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mlenda mkavu mchana, mlenda mkavu usiku. Hivi tulikula mwaka wa njaa, wewe ukiwa mgongoni."

Nilicheka. Nikamweleza habari za udongo unaochoka, za taka za plastiki, za mtoto anayestahili kukua akijua chakula chake kinatoka wapi. Nilieleza vizuri, maana hayo ndiyo niliyoyasomea. Kila nilipovuta pumzi mama aliitikia "haya", na mimi nikazihesabia hizo "haya" kuwa ni kukubali. Sasa najua alikuwa akimhurumia binti anayemfichia mumewe aibu.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, tulipokea kiroba cha uwele kilichotumwa kwa basi kutoka kijijini, upande wa Bahi. Nilifurahi kwa namna ambayo leo inaniuma kuikumbuka: niliona mama ameuelewa mwito wangu, na sasa anachangia nafaka ya asili. Siku hiyohiyo nilikipeleka chote mashineni.

Jioni, nilipotia unga kwenye maji yaliyochemka, harufu ya moshi ilijaa jikoni.

"Umeunguza?" mume wangu aliuliza kutoka mlangoni.

Sikuwa nimeunguza. Nilisimama na mwiko mkononi, nikijua tayari. Kwetu, baada ya mavuno, mama huchagua masuke makubwa kuliko yote, akayafunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya meko, ili moshi uyakinge na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Hayo hayaliwi. Hata mwaka ule wa njaa, nilivyosimuliwa, hayakuguswa. Mbegu hiyo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na ameipanda kila mwaka tangu wakati huo.

Nilimpigia simu.

"Mama, uwele huu ni ule wa juu ya meko?"

"Mtoto ameshiba?" aliuliza.

Nilipokata simu, mume wangu alikuwa bado mlangoni. "Kwa hiyo kwenu mimi ndiye mwanamume asiyelisha nyumba yake," alisema. Hakuwa na hasira. Ningeona nafuu kama angekuwa nayo. Mpango ule wote ulikuwa wangu. Yeye alikubali kwa kuwa alinipenda.

Jumamosi tulikwenda kijijini tukiwa na mfuko wa mbegu kutoka duka la pembejeo. Mama alikuwa ameketi uani na dada yake, mama yangu mkubwa. Baada ya shikamoo na marahaba nilisema kila kitu: kwamba mshahara upo, kwamba hatukuwahi kulala njaa, kwamba tulichagua wenyewe kuishi vile.

Mama mkubwa alipiga makofi. "Kumbe makusudi! Mdogo wangu, umelipa ada miaka yote hiyo mtoto akasomee njaa!" Akacheka mpaka kitenge kikamlegea, akamgeukia mume wangu. "Na wewe baba, pole. Hapa tumeshakusema mpaka tumechoka."

Mama hakucheka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia mambo ya udongo."

Nilimkabidhi mfuko kwa mikono miwili. Aliugeuzageuza, akatazama picha ya suke iliyochapwa juu yake.

"Huu ni wa wapi?"

"Wa dukani."

"Wa dukani," alirudia taratibu, akauweka chini kando ya kigoda. Nilitazama juu ya meko, kupitia mlango uliokuwa wazi. Kamba zilikuwa zikining'inia tupu, nyeusi kwa masizi.

Tulishinda shambani tukipanda mbegu ile ngeni, yeye akichimba mashimo, mimi nikidondosha na kufukia kwa mguu. Jioni alichinja jogoo na kupika wali, mchele uliotoka dukani, mafuta ya dukani, na kunipakulia mlima.

"Kula," alisema.

Nilikula. Aliketi mbele yangu akiitazama sahani yangu, na hakugusa chakula chake mpaka alipouona weupe wa bati la sahani tupu.