Mdukuzi Aliyeniita Mama

Kama wewe pia ulijifunza mambo ya wadukuzi kwenye kibanda cha video, pole sana. Sisi tulijazana mle siku za soko Mbumbuni, tukatazama zile filamu za zamani za kompyuta. Mdukuzi alikuwa kijana wa miwani, hachani nywele, anagonga kibodi kwa vidole kumi bila hata kuiangalia. Herufi za kijani zinamwagika, king'ora kinalia, halafu fuvu linatokea kwenye skrini likicheka. Nilimeza yote. Kipande kimoja tu kilituchosha: mdukuzi anapiga simu ofisini, anajifanya fundi, anaulizia neno la siri, anapewa. Hapo tulipiga kelele, "Peleka mbele!" Kumbe huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe, na wajinga sisi tukauruka.

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kikundi cha maombi cha akina mama, kanisani kwetu huku Kilungu. Wenzangu huniandikia shida zao kwa simu, nami naziombea bila kumtaja mtu. Asubuhi moja nikichagua mawe kwenye ndengu, simu ikalia.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina."

Sauti ya upole ajabu. Alisema anaunganisha vikundi vya maombi vya kaunti nzima, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yangu, nimsomee. Nikamsomea! Hata nikarudia polepole asije akakosea. Akanibariki.

Punde si punde WhatsApp ikanifungia nje: meseji zangu sasa ziko kwenye simu nyingine. Hakuna king'ora, hakuna fuvu. Kuku walikuwa wanakula ndengu zangu, na mimi nimekaa tu.

Fundi wa simu pale sokoni aliniambia yule mtu hawezi kuona meseji za zamani, ataona zile zinazoingia kuanzia sasa. Alidhani ananituliza. Woi! Siku hiyo hiyo rafiki yangu, ambaye tuliolewa huku mwaka mmoja, alikuwa ameenda kupima virusi vya ukimwi, na mumewe hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia, ukipata majibu niandikie, usibebe peke yako.

Nilimpigia mara nyingi, hakushika. Simu yake huwa ameizima sauti, ameificha ndani ya kiondo. Basi nikateremka hadi mtoni na kupanda ng'ambo ya pili kwa miguu, naomba na kujitukana kwa zamu.

Nilimkuta jikoni anasonga ugali. Nikamnong'oneza, "Dada, usiniandikie kitu. Kuna mtu ameteka namba yangu, anajifanya mimi."

Mwiko ukabaki kwenye sufuria.

"Lakini tumeandikiana saa sita," akasema. "Nimekuambia wamenikuta nayo. Ukaniambia nisilie, Mungu yupo. Umenitia moyo vizuri sana."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Si ni wewe uliniomba picha ya ile karatasi ya hospitali?" Alitoa simu kwenye kiondo. "Na namba ya baba watoto, ati utaongea naye polepole?"

"Ulituma?"

"Nilituma. Nilijua ni wewe."

Huko nje mumewe alikuwa anacheka na jirani, hajui lolote bado.