Ukuta Unaotazama Mlango

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Waisale Rokotuni amepiga magoti barazani kwake mjini Levuka, anapiga msasa fremu ya mbao. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki sawasawa. Miaka ishirini na sita ya kubeba jodari walioganda katika chumba cha baridi cha kiwandani imevikakamaza. Mbele yake, juu ya mkeka, zimelazwa picha tisa. Zote ni za mikono ya wafanyakazi wenzake.

Ya kumi iko ndani, imefunikwa kitambaa. Hiyo si kazi yake.

"Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi," anasema, bila kuinua uso.

Ijumaa ijayo ukumbi wa parokia utafungua maonyesho ya kwanza ya sanaa kufanyika mjini hapa. Waisale, mwenye umri wa miaka 52, alijifunza kupiga picha peke yake. Kwa ujira wa dola tano na senti chache kwa saa, alijinyima miezi kumi na minne ndipo akanunua kamera iliyokwishatumika kutoka kwa baharia mmoja. Kwa hiyo kamati ilipokaa kuchagua picha moja ya kutundikwa kwenye ukuta unaotazama mlango, hakuwa na shaka kuwa itakuwa yake.

Kamati ilichagua ya Inosi Vakaloa, fundi wa injini za boti, mtoto wa mjomba wake na mtani wake tangu utotoni. Inosi aliipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mkono wa pili ukiwa umeshika kipande cha muhogo. Aliyemo pichani ni Elenoa, mama mzazi wa Waisale, mwenye miaka 79: gimbi na kisu mapajani, anacheka hadi amefumba macho.

"Mama yangu mimi!" anasema Waisale. "Nimempiga picha zaidi ya mia mbili. Katika zote amekaa kama anayesubiri kuapishwa. Kumbe kicheko alikuwa nacho, akaenda kumpa Inosi."

Inosi naye hakumhurumia. "Tavale," alimwambia siku ile, kama mabinamu wanavyoitana, "iuze hiyo kamera. Nitakutafutia simu iliyopasuka kama yangu, labda na wewe utaanza kuona."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Waisale alichukua fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa na kuchanganywa na maji ikawa kinywaji, akaenda nyumbani kwa Inosi, ambako wanaume walikuwa wamelizunguka bakuli wakiinywa kwa zamu. Aliliweka fungu lake chini, akatamka shida yake mbele ya wote.

"Nimekuja na kerekere. Naiomba ile picha ya Mama."

Ombi la ndugu likitamkwa hivyo halikataliwi, na kilichotolewa hakirudishwi. Anayeomba asichokihitaji hurudi nyumbani na aibu yake. Waisale aliyajua hayo yote, na bado aliomba.

Inosi alipiga makofi ya kukubali, akaingia ndani, akarudi na picha, akaiweka mapajani mwa binamu yake. Kisha akatoa simu, akaifuta picha hiyo watu wakitazama.

"Nikitoa nimetoa. Nakala nyingine sina," alisema. "Kuna kingine, tavale? Mke wangu yuko jikoni, ila huyo kamwombe mwenyewe."

Wanaume walicheka hadi yaqona ikawapalia. Waisale hakucheka.

Kesho yake mwenyekiti wa kamati, Bi Sereana Tuilawa, mwalimu mstaafu, alimwarifu kuwa, kwa vile Inosi hana tena picha ya kutundika, ukuta mkuu sasa ni wake. Alikipata alichokitamani, na alikifurahia kwa siku moja tu. Jumanne mama yake, akifagia chumba, aliikuta picha.

"Hii si siku ile Inosi alipokuwa anakuiga?" aliuliza Elenoa.

"Ananiiga vipi?"

"Unavyonipiga picha. Alichutama, akafumba jicho moja, akakunja uso: 'Mama, usipumue. Mama, kidevu juu. Mama, punguza uzee.' Ee, mwanangu, nilicheka nusura nijikate! Mbona iko huku, na ukumbini wanaingoja?"

"Niliiomba, Mama."

"Ya nini, na mimi niko hapa hapa?"

Swali hilo lilimfedhehesha kuliko kicheko cha baraza zima. Kuirudisha picha kwa Inosi kungekuwa ni kumtupia zawadi yake usoni. Hata hivyo, hakuna desturi inayomzuia mtu kutundika mali yake anapotaka. Alhamisi alikwenda kwa Bi Sereana, akauachia ukuta mkuu ili itundikwe hapo picha ya Mama. Fremu anayoipiga msasa leo ni ya picha hiyo, na kibandiko chake kina jina moja tu: Inosi Vakaloa.

Inosi mwenyewe anapita njiani, anasimama penye ua.

"Kwa hiyo uliniomba picha ili uitengenezee fremu? Ungesema mapema nikuletee na mlango wa choo, nao unataka msasa!"

"Pita zako," anajibu Waisale. "Mlango huo utakuwa laini kuliko uso wako."

Inosi anaondoka akipiga mluzi. Waisale anamsindikiza kwa macho mpaka anapotea kwenye kona.

"Nisidanganye, wivu haujaisha," anasema. "Kila nikiitazama picha ile naona kwamba ni nzuri, na naona kwamba si mimi niliyeipiga. Yote mawili yananiuma."

Picha zake tisa zitatundikwa ukuta wa pembeni, karibu na jiko, watu wanakopita kufuata chai. Siku ya ufunguzi ameomba ruhusa kazini, na amekwishapanga mahali atakaposimama.

"Wengi wataishia kwa Mama, najua. Lakini watakuwapo wachache watakaopita pale, wafike kwenye mikono ya wenzangu, wasimame. Hao nitawapiga picha. Na sitamwambia hata mmoja asipumue."