Ujumbe wa Pumzi Moja

Nilirudi mjini Bunia na diploma niliyoitolea jasho mwenyewe, nikibeba saruji Kampala mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina nyumba yangu mtaa wa Ngezi, na ofisini kila barua ngumu huletwa kwangu, kwa sababu najua mkato unakaa wapi na nukta inakaa wapi.

Dada yangu mdogo alibaki kijijini Bogoro na mama yetu, wakilima mihogo. Alikuwa akiniandikia kwenye simu kama watu wa kwetu wanavyosalimiana: kwanza majirani, kisha mbuzi, mvua, kanisa, ndipo habari yenyewe. Yote kwa pumzi moja, bila nukta wala aya. Siku moja nilimrudishia ujumbe wake nimeusahihisha kama daftari la mwanafunzi. Nikaongeza: “Weka nukta, ndipo nitasoma.”

Akajibu: “Kaka, siye huku tunalima mihogo, nukta hatukupanda.”

Jumatatu moja ukaingia ujumbe mrefu kuliko yote. Nikasoma jirani anasalimu, mbuzi amezaa mapacha, upepo umeng'oa bati la kanisa. Nikaufunga. Nilikuwa na ripoti ya kumaliza.

Jumatano dada alipanda mlimani kutafuta mtandao, akapiga.

“Mama ametuacha asubuhi. Mbona haukukuja? Kila pikipiki ikipita, alikuwa anauliza kama ni weye.”

“Mbona haukuniambia?”

“Nilikuandikia, kaka!”

Nikaufungua ule ujumbe wa Jumatatu. Baada ya bati la kanisa: mama hawezi tena kumeza anakuita uje leo na maharage yameanza kutoa maua. Kutoka Bunia mpaka Bogoro ni kama saa moja kwa pikipiki. Nilifika wakimwosha.

Nukta moja baada ya salamu, aya mpya, na neno “mama” lingeanza mstari. Jicho langu lingeliona. Naliamini hilo hadi leo. Nililisema hata matangani, mbele ya dada aliyekuwa akisugua sufuria. Hakuinua kichwa.

“Sawa, mwalimu,” alisema.

Sasa ananiandikia mistari miwili. “Tuko wazima. Mvua imenyesha.” Nukta ziko mahali pake. Naisoma mara tatu, nne, nikitafuta kama kuna kitu kingine ndani. Hakuna.