Mama Sungura na macho yasiyo na mwenyewe

Asubuhi hii Mama Sungura amesimama mbele ya kabati la joto, mikono kaificha mgongoni kama mtoto aliyekatazwa sukari. Kabati lenyewe halina makuu. Ni jeupe, linamfika kifuani, na linanguruma kwa sauti ya chini. Mlangoni kumebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa ya kalamu nyekundu: MAMA SUNGURA, USIFUNGUE.

Katika maabara hii nzima hakuna mfanyakazi mwingine aliyeandikiwa katazo lake peke yake.

"Haikuandikwa kwa ubaya," anasema huku akicheka, ingawa macho hayabanduki pale mlangoni. "Najijua tu. Mimi kukiwa na kiumbe nyuma ya mlango, nikikaa bila kumchungulia, roho haitulii."

Kiumbe hasa hayumo. Ndani ya kabati kuna sahani ya plastiki yenye safu za vikombe vidogo, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole gumba. Sakafu ya kila kikombe imetandikwa utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Hizo ni seli za binadamu, zilizooteshwa taratibu mpaka zikafanana na konea, yaani ule utando wa mbele wa jicho. Asili yake ni watu waliokubali, wangali hai, kwamba wakishafariki macho yao yasaidie wengine.

Yeye huyaita macho yasiyo na mwenyewe. Jina hilo limeshika, siku hizi hata wakubwa wake wanalitumia.

Leo mchana macho hayo yatatiwa sabuni mpya ya maji ya kusafishia sakafu, ambayo bado haijaingia madukani. Jaribio likienda sawa, maabara itatoa jibu na kazi itakuwa imekwisha. Likiharibika itakuwa mara ya pili, na mwenye kiwanda cha sabuni hiyo amekwisha kusema kwamba hana muda wa kubembeleza mambo mapya. Atataka sabuni yake ipimwe kwa njia ya zamani.

Njia ya zamani ni sungura. Wako wanane, chumba cha nyuma, na aliyewalea tangu wakiwa wadogo ni yeye.

Aliingia hapa akiwa msichana wa kufagia. Wiki za mwanzo sungura mmoja alichoropoka, akajificha chini ya makabati, watu wazima wakawa wanatambaa sakafuni na mafagio yao kumtoa. Msichana wa kufagia akaketi chini kwenye kona, akatandaza aproni, akanyamaza. Haikuchukua muda sungura akaja mwenyewe akalala juu ya aproni. Kesho yake alinyang'anywa ufagio akapewa chumba cha sungura, na jina likamganda tangu siku hiyo, kabla hata hajawa mama wa mtu.

Kazi ilikuwa kusafisha vizimba, kulisha, na kushika. Hiyo ya tatu hakuwa akiisimulia nyumbani.

Kipimo cha zamani hakina siri. Kitu kinachopimwa hutiwa kwenye jicho moja la sungura, jicho la pili huachwa kwa ajili ya kulinganisha, kisha hutazamwa siku kadhaa kama litavimba, litatoa usaha au litafunga ukungu. Wakati wa kutia, lazima mnyama atulie.

"Kwa wengine walikuwa wanapiga teke, wanakwaruza," anasema. "Kwangu wanalegea kabisa, kichwa wanakisukuma hapa kwapani. Basi kila siku ya kutia naitwa mimi." Anafuta meza ambayo haina vumbi. "Waliniamini, na ndiyo maana nikawa nafaa."

Msomaji asidhani kwamba mama huyu anaona kupima ni dhambi. Mdogo wake wa kike, alipokuwa mtoto, alifungua chupa ya dawa ya kuzibulia bomba akadhani ni maji. Ilimrukia usoni. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, na anaona kwa jicho moja.

"Dawa isipopimwa humu, itapimwa jikoni kwa mtu, kwenye jicho la mtoto wa mtu. Nimeona kwa macho yangu ilivyo," anasema. "Kwa hiyo nilikuwa nawashika. Moyo unaniuma, lakini nawashika."

Ndiyo maana habari za utando wa kuoteshwa zilipoingia maabara, hakungoja kuitwa. Daktari anayeongoza kitengo hicho, dada mwenye umri wa binti yake wa kwanza, anakumbuka alivyobishiwa hodi.

"Aliniambia, 'Daktari, sijui kitu, ila nifundishe.' Nikaona ana mikono mitulivu na hana haraka. Nikasema huyu huyu," anaeleza daktari. Anatabasamu kidogo. "Sikujua kwamba tatizo lake litakuwa huruma."

Na huruma ndiyo iliyomponza.

Utando wa jicho una tabia moja ambayo mgeni huiona ya kikatili. Chakula chake, kimiminika cha rangi ya waridi, huwekwa chini ya kikombe, nao hunyonya kwa chini. Juu lazima ubaki mkavu, unapigwa na hewa, kwa sababu ndivyo jicho lilivyo. Mtu akiulowesha juu, unachanganyikiwa, tabaka zake zinalegea.

Mama Sungura alifundishwa hayo yote na aliyaelewa. Lakini katika jaribio la kwanza, kila alipopita alifungua kabati akachungulia, na kila alipochungulia aliona vitu vikavu. Miaka yote sungura mwenye jicho kavu maana yake ni sungura anayeumwa. Mwisho uvumilivu ukamshinda. Akachukua pipeti, kibomba cha matone, akavidondoshea kile chakula cha waridi juu, kikombe baada ya kikombe, tone moja moja.

"Nilivionea huruma," anasema, na safari hii hacheki. "Niliona vina kiu."

Siku ya kupima, mambo yalikwenda mrama. Katika kila jaribio kuna vikombe vinavyotiwa maji matupu kwa dakika chache tu, ambavyo ni lazima vibaki hai, ili ijulikane kwamba kilichoua vingine ni sabuni na si uzembe. Vikombe vya maji navyo vilikuwa vimekufa. Jaribio zima likawa bure. Daktari alikagua dawa, akakagua joto la kabati, akawa anakuna kichwa mpaka Mama Sungura alipomfuata ofisini, akafunga mlango na kusema alichofanya.

"Alikuwa analia," anasema daktari. "Nilikuwa nimekasirika sana, sifichi. Lakini ningemfokea vipi mtu ambaye kosa lake ni kunywesha? Nilimwambia tu, 'Mama, mara ijayo ukiona kiu, kunywa wewe.'"

Mwenye kiwanda aliposikia, akatoa nafasi moja ya mwisho. Jioni ile Mama Sungura alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

Mumewe ni seremala, mtu wa maneno mengi na mizaha mingi zaidi. Anasema zamani mkewe alikuwa akirudi na manyoya kwenye nguo lakini mdomo umejaa hadithi, na sasa anarudi msafi ila haongei na mtu.

"Nikamuuliza, jamani, hivyo vitu havina hata mdomo, vinakulaje mpaka vinammaliza mke wangu?" anasimulia. "Akanieleza yote. Nikamwambia, mbona wali wako ukishaufunika hutaki mtu afunue? Juzi nilifunua nionje, ukanichapa na mwiko! Fanya hivyo hivyo kazini. Ukisikia mkono unawasha, ujichape."

Anasema mkewe akavuta sahani akala.

Basi safari hii hakufungua. Kabati limefunguliwa kwa ratiba tu, na mwenye kufungua ni daktari. Karatasi yenye maandishi mekundu ni wazo la Mama Sungura mwenyewe. Aliyeandika ni fundi mwenzake, na inaelekea alifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Mchana unafika. Sahani inatolewa, na safari hii mikono ya kazi ni ya Mama Sungura. Safu ya kwanza anatia maji matupu. Ya pili anatia kemikali ambayo kila mtu anajua inaunguza. Ya tatu anatia sabuni ya mteja. Muda ukitimia anasuuza vyote, anavirudisha kwenye kabati vipumzike, kisha kunaanza kungoja. Daktari anazunguka chumba kizima. Yeye anaenda chumba cha nyuma kuwapa sungura majani.

Akirudi, kila kikombe kinawekewa dawa ya rangi ya njano. Seli iliyo hai huibadilisha dawa hiyo kuwa zambarau. Iliyokufa haiwezi, kwa hiyo utando hubaki umepauka. Baadaye mashine itasoma na kutoa namba, lakini mwenye macho huwa anaona mapema.

Jioni sahani inawekwa mezani chini ya taa. Safu ya maji ni zambarau, kikombe cha kwanza mpaka cha mwisho, zambarau ya kukolea. Daktari anashusha pumzi kwa nguvu. Safu ya kemikali kali imepauka, kama ilivyotakiwa.

"Limekubali, mama," daktari anasema. "Jaribio limekubali!"

Mama Sungura anatazama safu ya tatu, ya sabuni. Nayo imepauka yote, hakuna hata kikombe kimoja chenye dalili ya rangi. Maana yake sabuni hiyo inaumiza jicho, na kiwanda kitalazimika kuipunguza makali kabla haijafika sakafuni kwa mtu.

Anavuta kigoda anaketi. Fundi mwenzake, aliyekuwa ameanza kupiga makofi, anaacha.

"Hii ingeingia kwenye macho yao," anasema polepole. "Na mimi ndiye ningewashika."

Daktari anamwekea mkono begani, kisha anakwenda kumpigia simu mwenye kiwanda. Anasikika akilalamikiwa kuhusu gharama na ucheleweshaji, lakini mwishowe mtu huyo anakubali majibu. Sungura hawatahitajika.

Daktari hataki kumtia mtu matumaini ya uongo. Vipo vipimo vingine ambavyo bado havijapata mbadala, na kufungwa kwa chumba cha nyuma kutaamuliwa na wakubwa. Ila kwa vipimo vya macho, anasema, atapigania macho yasiyo na mwenyewe yawe ya kwanza kila mara. Mama Sungura anataka kujifunza kuyaotesha tangu mwanzo, seli kwa seli, halafu awafundishe walezi wa wanyama wa maabara nyingine. Anasema ataanza nao kwa somo la kukaa mbali na kabati.

Tunaagana chumba cha nyuma, akiwa anamalizia kubadilisha maji. Sungura wanane wanasogea mbele ya vizimba vyao wanapomsikia. Namuuliza, ukiacha kazi, kwa nafsi yake anatamani nini.

"Miaka yote hii, kila niliyemtoa kizimbani nilimtoa kwa kazi," anasema. "Natamani nimtoe mmoja nimpakate tu, nikichoka nimrudishe."

Anafuta mikono kwenye aproni, anatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu wa kumkataza. Kisha anafungua kizimba.