Vitanda Vilivyokataliwa Nyumba Kubwa

Drusilla Nyambeki alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Tulipakana ukuta katika kampi ya wachuma chai, upande wa Kericho unaotazama Sotik, na asubuhi nyingi kicheko chake kiliniamsha kabla ya kengele ya kazi. Alitoka Kisii akiwa msichana, akaja kuchuma chai, akaolewa na Osoro, mkataji wa miti ya chai, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akiwa amekasirika. Walikaa miaka bila mtoto. Ndugu za Osoro walipoanza kumtafutia mke wa pili, aliwaambia, "Huyu ananitosha. Kama ninyi mnataka mwingine, mumwoe ninyi." Halafu mwaka wa 1971 Drusilla akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Marcella.

Likizo ya uzazi ilikuwa fupi. Kila mama alirudi mashambani na kumwacha mtoto katika nasari ya kampuni, chumba kirefu cha mabati karibu na bomba la maji. Mwangalizi wa watoto alikuwa Wilkista, mjane mwenye mikono mikubwa na moyo laini. Aliwalaza watoto sakafuni, juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye magunia. Kulikuwa na viroboto, sitaki kudanganya. Lakini katika miaka yote ile hakuna mtoto aliyedhurika kwa kulala pale chini.

Siku moja lori la kampuni likaleta vitanda vya watoto, vyeupe, vya mbao laini, vyenye fito pande zote na picha ya bata kichwani. Meneja, Bwana Pelham, alikuja mwenyewe na kutukusanya mbele ya nasari.

"Kampuni inawapenda watoto wenu kama watoto wetu," akasema. "Kuanzia leo, hakuna mtoto atalala chini."

Tulipiga makofi. Akina mama wengine walilia kwa furaha. Nani angejua? Kitanda kile kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba zetu. Ubavu wake mmoja ulishuka ili mama asiiname sana, kisha ukapandishwa na kushikwa na ndoano ya chuma. Wilkista alifundishwa kupandisha, kusikiliza ndoano ikilia, na kuondoka. Hakuambiwa jambo lingine.

Marcella alikuwa ameanza kutambaa. Asubuhi ile Drusilla alimnyonyesha, akamkabidhi kwa Wilkista, akaenda shambani na kikapu mgongoni. Wilkista alimlaza, akapandisha ubavu, akasikia ndoano imeshika. Akageukia watoto wakubwa waliokuwa wakingoja uji, mle mle chumbani. Hakutoka nje. Aliporudi kitandani alikuta ndoano imeachia na ubavu umeinama, umeacha mwanya kati yake na godoro. Mtoto alikuwa ameteleza humo, shingo yake imebanwa. Wilkista alimtoa, akampulizia mdomoni, akakimbia naye hadi zahanati akipiga mayowe. Marcella alikuwa ameshakufa.

Sisi tulikuwa mteremko wa chini karibu na mto. Nyapara alikuja akitafuta Drusilla, na namna alivyovua kofia yake, tulijua. Drusilla alidondosha kikapu na kukimbia akikanyaga katikati ya miti ya chai. Alipofika zahanati na kumwona Wilkista ameketi chini, alimrukia.

"Umeniulia mtoto! Nilikupa akiwa mzima!"

Wilkista hakujikinga. Alipigwa hadi Osoro alipomshika mkewe.

Na kampuni ikafanya nini? Kabla jua halijatua, Wilkista alikuwa amefukuzwa kwa uzembe na vyombo vyake vimetupwa kwenye nyasi nje ya kampi, sufuria, blanketi, Biblia yake, vyote. Meneja alitoa jeneza na lori la kupeleka maiti Kisii, na kila mtu akamsifu. Kitanda kilichoua kiliondolewa. Vile vingine vilibaki pale pale, na keshoye watoto wetu wakalazwa ndani yake.

Drusilla alirudi kutoka mazishini amekonda, hasemi na mtu. Jumamosi moja mchana akaja Rebeccah, mama wa Kikipsigis aliyekuwa yaya katika nyumba ya meneja. Alileta maziwa kwenye kibuyu, kama anavyofanya mtu anayekuja kutoa pole. Aliketi, akampa mkono Drusilla, akakaa ameushika bila kuuachia.

"Mama Marcella," akasema, "nimekuja kulia na wewe. Lakini kuna neno limenikaa kwenye koo. Nikilinyamazia nitaugua."

"Sema, mama."

"Vile vitanda havikununuliwa kwa ajili ya watoto wenu. Vilikuwa kwetu, nyumba kubwa. Nyumba zote za wazungu za kampuni zilikuwa navyo. Halafu kukaja mtu kutoka Nairobi, wa ile karakana iliyovitengeneza. Akamwambia memsahib, mke wa meneja, 'Ndoano hii inaachia. Mtoto mmoja amefia Nakuru. Msilaze mtoto humu tena. Tunavirudisha vyote tuvivunje, na pesa zenu mtarudishiwa.' Mimi nilikuwa nimeshika ubavu wa kitanda akituonyesha unavyoachia. Meneja alikuwa amesimama mlangoni."

Rebeccah akaendelea.

"Memsahib alimtoa mtoto wake siku hiyo hiyo. Vitanda vikawekwa stoo kungoja lori la Nairobi. Lori lilichelewa. Ndipo nikasikia meneja akisema ni hasara kuvunja mbao nzuri hivi, na kule kampi watoto wanalala chini."

Nilikuwa pale nikimsaidia kuosha vyombo. Nilitarajia Drusilla apige kelele. Badala yake alisimama, akafunga leso kiunoni, akauliza, "Hata sasa kuna watoto humo ndani?"

Walikuwamo, maana Jumamosi pia wenzetu walichuma. Alitoka mbio, nasi na majirani tukamfuata. Tuliwatoa watoto mmoja mmoja, kisha tukabeba vitanda vile vichwani hadi ofisi ya meneja na kuvirundika kwenye nyasi zake zilizokatwa vizuri. Wanawake waliokuwa shambani waliona msafara wakaacha kuchuma. Osoro alikuja na kisu chake cha kukatia chai mkononi, akakumbuka amekishika, akakirudisha kwenye ala kabla ya kusogea karibu.

Meneja akatoka. "Nini hii?"

"Ni vitanda vyako," Drusilla akasema. "Uliambiwa vinaua. Ukamtoa mtoto wako, ukamtia wangu."

Uso wa meneja ulibadilika rangi. "Nani amekuambia hayo? Ilikuwa ajali. Mwangalizi wenu hakufunga vizuri. Pole sana, mama, lakini haya ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hakubeba vitanda kwa lori."

Meneja aliingia ndani na kufunga mlango. Hakuna mama aliyechuma jani tena mpaka mikeka iliporudishwa nasari, na hilo lilifanyika kabla ya Jumatatu kwisha. Chai haingoji, na kampuni ililijua hilo kuliko ilivyojua majina ya watoto wetu.

Siku moja tu baada ya ule msafara, Jumapili, Drusilla alikwenda kumtafuta Wilkista, aliyekuwa amehifadhiwa na mtu wa kanisa lake karibu na Kaplong. Nilifuatana naye. Wilkista alipomwona alirudi nyuma kama anayengoja kupigwa tena.

"Dada," Drusilla akamwambia, "sikuja kwa ugomvi. Ndoano ililia?"

"Ililia. Naapa mbele ya Mungu ililia."

"Najua. Nisamehe." Wakashikana wakalia, nami nikatoka nje niwaache.

Polisi walikuwa wameshaandika kwamba ni uzembe wa mwangalizi, na mkubwa wa kituo alituambia tusichimbue kaburi. Mtu wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyetuelekeza kwa wakili kijana, Ojwang, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa mjini Kericho. Aliwasikiliza Drusilla na Osoro bila kuwakatiza. Kisha akawaeleza kwa Kiswahili chepesi.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, tumwombe hakimu achunguze kifo hiki hadharani, mashahidi waapishwe. Hiyo itamsafisha Wilkista, na ukweli utabaki mahakamani. Ya pili ni kudai fidia. Aliyetengeneza kitanda kibaya anaweza kushtakiwa, lakini huyu alitoa onyo na akataka vitanda virudi. Aliyesikia onyo akavipeleka kwa watoto wengine ndiye mwenye mzigo mkubwa. Lakini msikae. Sheria ina muda wake. Haingoji uchungu upoe."

"Na tukishinda?" Osoro akauliza.

Ojwang alishusha macho. "Hapo nitawaambia ukweli hata kama ni mchungu. Sheria hii ya fidia inauliza mfiwa amepoteza mapato gani. Mtoto mchanga hana mapato."

"Kwa hiyo hana bei?" Drusilla akauliza.

"Kwa macho ya sheria, bei yake ni ndogo sana."

Naandika haya miaka imepita na bado damu inanichemka. Ng'ombe wa kampuni akigongwa na gari, kuna hesabu. Mche wa chai ukiungua, kuna hesabu.

Kampuni iliposikia habari za wakili, ilituma klaki na pesa ndani ya bahasha. Wapewe, ila waondoe kesi na wasilizungumze jambo hilo tena popote. Drusilla hakuigusa ile bahasha. Osoro, mtu yule asiyepandisha sauti, ndiye aliyejibu: "Mwambie meneja mtoto wetu alikuwa na jina. Hatuwezi kukatazwa kulitaja." Wiki iliyofuata walinyang'anywa nyumba. Walipanga chumba mjini, wakawa vibarua wa kuchuma chai katika mashamba madogo ya Wakipsigis.

Uchunguzi ulipofika mahakamani, chumba kilijaa. Wilkista alisema aliyoyaona. Mafundi walioitwa na mahakama walileta kitanda kimoja, na hakimu mwenyewe alikipandisha ubavu, akautikisa kidogo kama mtoto anavyofanya akijivuta asimame. Ndoano ikaachia. Ubavu ulianguka kwa kishindo, na watu wote wakashtuka.

Kisha akaitwa Rebeccah. Tulikuwa tumeogopa asije. Alikuja amevaa gauni lake la kanisani, akaeleza yote. Wakili wa kampuni akasimama.

"Wewe ni yaya tu. Pengine ulisikia vibaya mazungumzo ya Kizungu."

"Yule mtu aliongea Kiswahili," Rebeccah akasema. "Alitaka na mimi nielewe, kwa sababu mimi ndiye nalaza mtoto."

"Unajua kwamba kwa maneno haya unaweza kupoteza kazi?"

Hakimu alimkemea wakili yule, lakini Rebeccah alijibu hata hivyo. "Nina ng'ombe wangu na chai yangu kidogo kule nyumbani. Sitalala njaa."

Meneja aliapa kwamba alidhani ndoano zilikuwa zimetengenezwa. Hakimu akamuuliza, "Zilitengenezwa na nani?" Akasema hakumbuki. Akamuuliza, "Kama ulidhani ni salama, kwa nini mtoto wako hakurudishwa ndani ya kimoja?" Bwana Pelham alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa anapanga karatasi.

Uamuzi ulikuwa kwamba Wilkista hakuwa na kosa lolote, na kwamba mtoto Marcella alikufa kwa sababu ya kitanda ambacho wakubwa wa shamba walionywa juu yake wakapuuza. Wilkista alipiga magoti sakafuni, akina mama wakapiga vigelegele mpaka askari wakatuamuru tutoke.

Ningependa kusema haki ilitendeka yote. Haikutendeka. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai. Meneja alihamishwa, hakufukuzwa, na watu wanasema alikohamia palikuwa na nyumba nzuri zaidi. Kesi ya fidia iliburutwa hadi mwaka wa 1974, na wakili wa kampuni hakuona haya kusimama na kusema kwamba wazazi hawa hawakupata hasara ya kifedha. Drusilla alisimama bila kuitwa. "Nilingoja miaka saba kumpata," akasema. "Weka hiyo kwenye hesabu yako." Aliamriwa kuketi. Mwishoni kampuni ilikubali kosa lake mbele ya mahakama, ikalipa kidogo, na ikamlipa Wilkista mishahara aliyodhulumiwa. Kidogo kile Drusilla na Osoro walikitumia kununua kipande cha shamba karibu na Longisa, ambako walipata baadaye watoto wawili wa kiume.

Rebeccah alifukuzwa kazi kama wakili wa kampuni alivyotabiri. Aliuza maziwa, akaishi.

Vitanda vile havikuisha siku tulipovirundika kwa meneja. Kampuni ilivirudisha stoo, vingine vikaibwa vikasambaa, na Drusilla aliapa kuvitafuta. Alikwenda siku za kliniki katika hospitali za misheni na sokoni, akiwauliza akina mama wanalaza watoto wapi. Mara moja niliongozana naye na Wilkista sokoni Sotik. Tukakuta kimoja kati ya meza na viti vilivyotumika, kimepakwa rangi ya buluu. Drusilla alimweleza mwenye kuuza. Yule bwana akakunja uso.

"Mama, mimi natafuta chakula cha watoto wangu. Ukitaka kivunjwe, kinunue."

Drusilla alikuwa tayari kumjibu vibaya, lakini Wilkista aligusa mkono wake. Walichanga, wakakinunua. Wilkista aliazima shoka la muuza kuni, wakakivunja pale pale barabarani, watu wakitazama na kuuliza wanawake hawa wana wazimu gani. Tulifunga zile mbao mzigo, tukapeleka nyumbani kwa Drusilla, tukapikia maharagwe. Rangi ilitoa moshi mkali, tukakaa nje hadi chakula kilipoiva.