Kinanda cha Mama wa Vitambaa

Mama wa Kihindi anayeuza vitambaa soko la Mwanjelwa huongea na kinanda chake cha kuvukuta upepo kwa mkono. Asubuhi ya baridi kikikwaruza, sisi majirani tunamsikia akikipa pole: "Kikohozi tena, baba?" Sasa anahamia chumba kimoja kwa bintiye Iringa, na kinanda hakitaenea humo. Wanunuzi walikuja wakakigonga kama tikiti maji, na wote akawajibu, "Bado nafikiria." Jana akaja mwalimu wa kwaya, akavua viatu mlangoni, akakaa sakafuni. Mguu wake ukakigusa kwa bahati mbaya, naye akakiambia kinanda, "Samahani." Mama akashusha pumzi ndefu, akaiachia ncha ya sari yake aliyokuwa akiisokota. "Kichukue, mwanangu," alisema, akicheka. "Baridi ikizidi kitakohoa. Usikigonge, kipe pole."